Barakoa za chuma za wapanda farasi wa Kirumi, na uso wa fedha uliotoka Homs

ALEXANDRIA, Virginia – Ukimuuliza mtoto wa siku hizi barakoa ni kitu gani, atakwambia ni kile kitambaa tulichovaa mdomoni wakati wa korona. Muulize bibi yake wa Unguja au wa Maskati, atakupa habari nyingine kabisa: barakoa ni ile ya mabibi wa heshima, yenye nyuzi za dhahabu na fedha, inayofunika paji la uso na pua na kuyaacha macho. Neno ni lile lile, tumelipata kwa Kiarabu. Leo nataka niwaeleze barakoa ya aina ya tatu. Hii haikushonwa, ilifuliwa kwa nyundo. Ni ya chuma, shaba na fedha, na walioivaa ni wapanda farasi wa dola ya Kirumi, karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Mtasema, sisi na Warumi wapi na wapi? Subirini kidogo. Mojawapo ya barakoa hizo, na katika zile zilizo nzuri kupita zote, ilitoka kaburini kwa mkubwa wa Kiarabu, Homs, nchini Syria. Namna ilivyonusurika isipotee ni kisa ambacho kila nyumba yenye kitu cha kale kabatini inafaa ikijue.

Kofia yenye uso

Kwanza tujue kitu chenyewe. Askari wa miguu wa Kirumi alivaa kofia ya chuma iliyofunika kichwa na mashavu, uso ukabaki wazi. Lakini baadhi ya wapanda farasi walikuwa na kofia ya vipande viwili. Kipande cha nyuma kilifunika kichwa, mara nyingi kikafuliwa mfano wa nywele za mawimbi. Cha mbele kilikuwa uso mzima wa mtu: pua, midomo, kidevu, hata nyusi. Viwili hivyo viliunganishwa kwa bawaba juu ya paji, na ukanda wa ngozi ukavikaza kwa chini. Kwenye macho mliachwa nyufa, na puani na mdomoni matundu ya kuvutia pumzi.

Kazi hii haikuwa ya mhunzi wa majembe. Bamba la shaba lilifuliwa likawa jembamba sana, kisha uso ukapakwa bati au ukavikwa fedha ili ung'ae mweupe, na nywele zikaachwa rangi ya shaba. Mbali unaona kichwa cha dhahabu chenye uso wa fedha. Baadhi ya vifaa hivi vina majina ya wenyewe yaliyochorwa kwa ncha ya chuma, maana vilikuwa mali ya askari mwenyewe.

Sura zenyewe ndizo zinazomshangaza mtu. Ungetegemea uso wa kutisha, meno nje. Lakini wapi! Nyingi ni sura za vijana wazuri, watulivu, wasiocheka wala kununa. Nyingine zina nywele kama sanamu za Iskandar wa Makedonia. Nyingine ni za kike kabisa. Mjukuu wangu nilipomwonesha picha aliniuliza, "Babu, mbona huyu hana hasira?" Nikamwambia hapo ndipo penye kitisho. Mtu anakujia na farasi mbio, ana mkuki mkononi, na uso wake hausemi kitu.

Mchezo wa farasi mbele ya wakubwa

Tunajuaje zilivyotumika? Tunaye shahidi. Jina lake Arrian, Mgiriki aliyekuwa gavana wa Kapadokia, Uturuki ya leo, wakati wa mfalme Hadrian. Mwaka 136 hivi aliandika kitabu cha mbinu za vita, na mwishoni akaeleza mazoezi ya wapanda farasi. Anasema kuwa mahodari walivaa kofia za chuma au shaba zilizopakwa dhahabu, zenye kufunika uso wote isipokuwa macho, na juu yake shungi la rangi ya manjano la kupeperuka na upepo. Walivaa kanzu fupi za rangi nyekundu na zambarau badala ya deraya. Ngao zilikuwa nyepesi, na mikuki ya mti mtupu bila chembe. Farasi nao walivaa kinga ya uso. Bendera zilikuwa majoka ya vitambaa vilivyoshonwa pamoja, na farasi akikimbia upepo unaingia mdomoni mwa joka, tumbo likajaa, likatoa sauti kama nyoka.

Wapanda farasi waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisimama, wa pili ukaja kwa kasi ukirusha mikuki, kisha wakabadilishana. Hesabu ilikuwa mikuki mingapi umerusha na umelenga vipi, bila kuvunja mstari. Hadrian mwenyewe mwaka 128 alikwenda Lambaesis, iliyo Algeria ya leo, akakagua jeshi na kulihutubia, na maneno yake yakachongwa kwenye mawe. Mabaki ya mawe hayo yapo mpaka leo.

Mwenye kuishi Oman haya si mageni kwake. Ardha ya farasi na ngamia, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018, ina mambo ya namna hiyo hiyo: watu wamejipanga pande mbili za uwanja, wapanda farasi wanakuja wawili wawili kwa mbio, wengine wamesimama wima juu ya matandiko, na farasi amepambwa kwa fedha. Sisemi kuwa Waomani walijifunza kwa Warumi, la hasha. Nasema jamii yenye farasi hupenda kuonesha farasi, na siku ya kuonesha hutoa kilicho kizuri kuliko vyote ndani ya sanduku.

Basi mtu atauliza, zilikuwa za mchezo tu au za vita pia? Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1990 huko Kalkriese, Ujerumani, walichimba barakoa ya chuma mahali ambapo wengi wanaona ndipo jeshi la Varus lilipoangamizwa na Wajerumani mwaka wa 9 baada ya Nabii Isa. Fedha iliyoifunika ilikuwa imeshabanduliwa na wenye kupora, wakakitupa chuma. Kama barakoa ilikuwa uwanja wa vita, wapo wanaosema, basi ilivaliwa vitani. Wengine wanajibu kuwa jeshi likihama huhama na vyombo vyake vyote, hata vya sherehe.

Uso wa Homs

Sasa twende Homs. Zamani za Warumi mji huu uliitwa Emesa, na watawala wake walikuwa ukoo wa Kiarabu walioshirikiana na Roma. Jina la kurithishana katika ukoo huo lilikuwa Sampsigeramus, na ukisikiliza vizuri utasikia ndani yake shamsi, jua, maana ndilo waliloliabudu watu wa mji ule kabla hawajajua dini. Kutoka mji huo huo baadaye alitoka Julia Domna, binti wa kuhani wa Emesa, aliyeolewa na mfalme Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna ya Libya. Kwa hiyo ikafika siku ikulu ya Roma ikawa na baba wa Libya na mama wa Homs.

Agosti 1936 wezi wa makaburi walivunja kaburi moja katika makaburi ya wakubwa wa Emesa. Humo mlikuwa na vitu vya dhahabu na kofia ya vita yenye uso wa fedha. Wakachukua usiku. Lakini sanda ya maiti ilikuwa imepambwa kwa vibamba vidogo vya dhahabu, na walipoivuruga vikadondoka vikachanganyika na mchanga. Asubuhi yake watoto wakaona mchanga unametameta. Wakaokota, wakapeleka sokoni. Habari ikafika polisi, wezi wakakamatwa, vitu vikarudishwa. Emir Djaafar Abd el-Kader, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Damascus, akahakikisha vimeingia katika mali ya taifa, na akaenda mwenyewe mpaka mahali pale kuuliza kila kitu kilikaa wapi kaburini. Bila kuuliza kule, leo tungekuwa na kofia nzuri isiyo na habari yake.

Kofia yenyewe ina kilo 2 na robo hivi. Ni ya chuma, nyuma ilifunikwa kitambaa kilichofumwa, mbele ikavikwa fedha, na kichwani ina taji la majani la fedha iliyopakwa dhahabu. Wapo wanaoona uso ule kuwa ni sura ya mtu hasa, siyo ya kubuni. Chini ya kila jicho yapo matundu matatu madogo, ili mvaaji aone chini pia. Fundi wa mapambo matupu asingejisumbua na hilo, na ndiyo maana wengi husema kofia hii iliweza kuvaliwa hata vitani.

Ardhini chuma kilishika kutu, kutu ikavimba, ikaisukuma fedha mpaka ikapasuka. Mwaka 1955 ilipelekwa British Museum, London, ikatengenezwa na Herbert Maryon, yule yule aliyeiunga kofia mashuhuri ya Sutton Hoo. Kisha ikarudi Damascus. Vita vya Syria vilipoanza, wafanyakazi wa makumbusho walifunga vitu na kuvificha mahali pa salama. Makumbusho ya Taifa ya Damascus ilifungwa mwaka 2012, ikafungua tena milango Oktoba 2018. Homs yenyewe, mnajua yaliyoipata. Mitaa mizima ilibaki kifusi. Lakini uso wa mtu wake wa kale ulihifadhiwa, kwa kuwa watu fulani waliiona kazi hiyo kuwa ni amana.

Waarabu ndani ya jeshi la Roma

Mapadri walionisomesha sekondari walitufundisha Warumi vizuri. Tulimjua Kaisari na vita vyake, tulijua barabara na madaraja, na Kilatini kidogo tulikariri. Lililokosekana katika masomo yale ni kwamba jeshi lile halikuwa la watu wa Roma peke yao. Vikosi vya wapanda farasi na wapiga mishale vilikusanywa kutoka kila pembe ya dola, na Waarabu wa Sham walikuwamo kwa maelfu.

Mfano ni Straubing, Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1950 ilifukuliwa hazina kubwa ya vifaa vya wapanda farasi: barakoa, kinga za miguu, na kinga za uso wa farasi. Baadhi ya barakoa zina nywele za mtindo wa Iskandar, nyingine zina marundo ya nywele za vipilipili zilizopanda juu, mtindo unaoitwa wa mashariki. Sasa kumbukeni, katika karne ya 2 ngome ya Straubing ilikuwa makao ya kikosi cha wapiga mishale wa Canatha. Canatha ni Qanawat, ipo Syria kusini, upande wa Hauran. Na kule Hungary, kwenye ngome ya Intercisa kando ya mto Danube, kilikaa kikosi cha watu wa Emesa, yaani Homs, kwa miaka mingi mno. Walioa, wakazaa, wakazikwa huko.

Watu wetu wa Ghuba wenye babu Unguja na mjomba Canada hawahitaji kuelezwa zaidi. Kijana wa Hauran aliyelinda mpaka kwenye theluji ya Bavaria ni mtu tunayemjua. Tofauti ni kwamba hakuacha barua wala picha. Alichoacha ni vyombo, na vyombo husema endapo vimeokotwa na mtu mwenye kuuliza.

Pauni milioni 2 na ushei

Uingereza nako zimepatikana, na kila moja ilikuwa na bahati yake. Mwaka 1796, kijijini Ribchester, mtoto wa mtengeneza makubazi ya mti alikuwa akicheza nyuma ya nyumba yao akaangukia kofia ya shaba yenye uso. Leo ipo British Museum. Lakini sanamu ndogo iliyokuwa pamoja nayo ilipotea, haijulikani iliko.

Mwezi wa Mei 2010 mtu mwenye mashine ya kutafutia vyuma ardhini alipata nyingine karibu na kijiji cha Crosby Garrett, kaskazini ya Uingereza. Ilikuwa vipande 67. Ina uso wa kijana mwenye nywele za mawimbi, kofia ya ncha kichwani, na juu yake mnyama wa kubuni mwenye mabawa. Mnada wa Christie's uliiunga haraka, na wataalamu wakalalamika kuwa hawakupata nafasi ya kuichunguza ikiwa bado vipande. Makumbusho ya Tullie House, mji wa Carlisle, ilichangisha pesa kwa wananchi, watoto wa shule wakatoa walicho nacho. Tarehe 7 Oktoba 2010 ikanunuliwa na mtu asiyetajwa jina kwa kiasi cha pauni milioni 2.3. Carlisle wakabaki kuiomba kwa maonesho tu.

Vipi kitu cha thamani hivyo kikauzwa kama mbuzi mnadani? Sheria ya hazina ya mwaka 1996 ilihesabu hasa dhahabu na fedha. Kitu kimoja cha shaba, hata kiwe cha ajabu namna gani, hakikuwa hazina. Ilichukua miaka kumi na tatu kurekebishwa: tangu mwaka 2023 kitu cha chuma au shaba chenye umri wa miaka 200 na zaidi, na umuhimu mkubwa wa historia, kinaweza kutangazwa hazina, na makumbusho yakapewa nafasi ya kwanza ya kukinunua.

Somo la Alexandria

Mji huu ninaokaa jina lake ni Alexandria, lakini hauna uhusiano na Iskandariya ya Misri. Umeitwa kwa ukoo wa Alexander waliokuwa na ardhi hapa, na ulianzishwa mwaka 1749. Kwa mahesabu yetu ya Kilwa na Sohar ni mji wa juzi tu. Lakini kwa kutunza cha kale umewatangulia wengi. Tangu 1989 una sheria kwamba mwenye kutaka kujenga jengo kubwa lazima kwanza wataalamu waangalie kilichomo ardhini. Matunda yake yalionekana. Mwaka 2015, pembeni ya mto Potomac, wakachimba msingi wa hoteli wakakuta meli ya karne ya 18. Mwaka 2018 jirani na hapo wakakuta nyingine tatu. Mbao zikapelekwa Chuo Kikuu cha Texas A&M kutunzwa, na makumbusho ya akiolojia ya mji, yaliyo ndani ya kiwanda cha zamani cha topido, yanaeleza habari zake bila kiingilio. Hoteli ilijengwa, na historia haikupotea.

Jimbo hili hili la Virginia lina kisa kingine kinachotuhusu zaidi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huchonga vigango, nguzo za mti za kuwakumbuka wazee wao. Mwaka 1985 karibu na Mombasa mzee mmoja aliibiwa vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Mtaalamu wa Kimarekani aliyekuwa amempiga picha navyo alikuja kuviona miaka mingi baadaye katika makumbusho ya Marekani, kimoja Illinois, cha pili Chuo Kikuu cha Hampton, hapa Virginia. Ile picha ndiyo ikawa ushahidi. Kufika mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimesharudi kwa ukoo. Lakini mzee alishafariki zamani bila kuviona.

Tuliangalie hilo pamoja na Homs. Pale watoto walionesha, polisi wakashika, mkuu wa makumbusho akauliza. Hapa ilikuwa picha moja. Cha kale hakiokolewi na bei yake. Kinaokolewa na mtu aliyejua kilikuwa wapi, cha nani, na akaandika.

Kwa nyumba zetu

Wengi wenu mna vitu hivi: hanjari la babu, upanga, sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, barua za biashara za Bagamoyo au Mombasa, barakoa ya bibi yenye uzi wa fedha. Kila mwaka wapo wazee wanaofariki, na vijana wasiojua wanauza kwa dalali kwa bei ya usafiri wa wiki moja. Mimi ni mwalimu, nitasema kama mwalimu, kwa nambari.

Moja: piga picha kila kitu, nyuma na mbele, na mwenyewe akiwa amekishika kama yu hai. Pili: andika kilitoka wapi, mwaka gani, kwa nani, hata kama ni kwa kukisia, na useme unakisia. Tatu: usikisugue kwa dawa ya kung'arishia, maana alama za fundi na majina ya wenyewe hufutika. Nne: ukitaka kununua cha kale sokoni, muulize muuzaji kimetoka wapi. Akibabaika, ondoka. Syria, Iraq na Yemen zimeibiwa mno miaka hii, na baadhi ya mali hiyo hupita katika masoko ya mataifa tunayoishi. Tano: ujue sheria ya mahali ulipo. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, Oman ilitoa sheria ya urithi wa utamaduni mwaka 2019, na hapa Marekani kupita na mashine ya kutafutia vyuma katika bustani za taifa ni kosa.

Na mkienda London, pitieni British Museum mkaangalie uso wa Ribchester. Mkienda Edinburgh, muulizie barakoa za Newstead zilizochimbwa na James Curle kati ya 1905 na 1910. Siku Damascus itakapopitika kwa familia, ule uso wa fedha wa Homs ndio wa kwanza kutafutwa. Wapelekeni watoto, mwaambie waziwazi: huyu alikuwa Mwarabu, alipanda farasi, alikuwa na mtu aliyempenda akamzika na kofia yake. Jina lake halikuandikwa. La bibi yenu bado mnalijua, basi liandikeni leo nyuma ya picha ya barakoa yake.